Pikipiki katikati ya magari: ni nani anayemkimbiza huyu kijana?

Jumamosi moja baada ya Isha nilikuwa nimekaa na wajukuu nyumbani kwa mwanangu, Dubai. Mama yao amechoka, friji haina kitu cha maana, ikaamuliwa chakula kiagizwe. Siku hizi hiyo si shughuli. Unabonyeza simu, unalipa, kisha unakaa kutazama kipikipiki kidogo kinatembea kwenye ramani mpaka mlangoni kwako. Mjukuu wangu wa miaka tisa ndiye aliyeshika simu, na kila baada ya muda anatoa ripoti. "Babu, amekata kona." "Babu, yuko karibu na msikiti." Halafu ghafla: "Babu, amesimama! Mbona hatembei?"

Nikamwambia pengine kuna foleni.

"Sasa si apite katikati ya magari?"

Mtoto hakusema kwa ubaya, ana njaa yake. Lakini neno lile lilinichoma, na nitaeleza kwa nini.

Kijana alifika dakika ishirini baadaye, jasho limemjaa usoni mpaka ndani ya kofia. Aliposikia tunasemezana Kiswahili akacheka. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Wa wapi?" "Kakamega, mzee." Ah, jirani huyo! Mimi wa Mombasa, nikamwambia, Kibokoni. Nikampa maji, nikamuuliza mbona amekawia, si kwa kumlaumu, kwa kutaka kujua tu. Akanijibu maneno ambayo mpaka leo nayarudia kichwani: "Mzee, kushoto ni faini, kulia ni malori, katikati ni Mungu tu."

Wenye kuishi Dubai wanajua alichokuwa akisema. Tangu tarehe 1 Novemba 2025 pikipiki za kuleta vyakula na vifurushi haziruhusiwi kupita njia za mwendo wa kasi. Barabara ikiwa na njia 5 au zaidi kwa upande mmoja, wao hawagusi mbili za kushoto kabisa. Ikiwa na 3 au 4, hawagusi ile moja ya kushoto. Kosa la kwanza dirham 500, la pili 700, la tatu kibali kinasimamishwa. Kwa kijana anayelipwa kwa kila safari, dirham 500 ni siku nyingi za jua.

Sikukaa kuandika ili niilaumu sheria hiyo. Ina akili yake. Pikipiki ndogo ile, na sanduku kubwa mgongoni linaloshika upepo, ukiiweka mbele ya gari linalokuja kilomita 120 kwa saa, umeiweka mdomoni mwa papa. Na wakubwa wa Dubai hawakukaa tu kutoza faini, wamejenga vibanda 40 vyenye kiyoyozi ambamo hao vijana wanapumzika wakisubiri kazi. Hilo nalisema kwa sababu ni haki lisemwe.

Lakini tazama upande wa kulia alikosukumwa. Kulia ndiko kuliko na malori. Kulia ndiko mabasi yanakosimama, ndiko magari yanakoingilia barabarani na kutokea, kila mmoja anakata mbele ya mwenzake. Na ikifika saa kumi na moja jioni, watu wanarudi makwao Sharjah, hakuna cha kulia wala kushoto, barabara nzima imesimama. Hapo ndipo kijana anapoanza kupenya, baina ya gari na gari, kioo hiki na kioo kile, na simu yake mbele inamhesabia dakika.

Je, kupenya huko ni kosa? Hili ndilo swali langu la leo, na jibu langu huenda likawaudhi wenye magari. Naona si kosa kila mara. Kosa liko kwenye mwendo.

Mimi nilisomesha hesabu na fizikia miaka mingi katika sekondari ya misheni, na kabla ya hapo nilisoma hapo hapo. Mwislamu, mtoto wa Kiarabu, nimesomeshwa fizikia na Padri, ndiyo dunia yetu ya pwani ilivyokuwa. Padri huyo alikuwa na pikipiki kuukuu aliyokuwa akizungukia vijijini, na siku moja alitutoa uwanjani akatupanga wavulana kumi mstari mmoja, wamesimama. Mvulana wa kumi na moja akaambiwa apite pembeni yao akitembea. Halafu apite akikimbia. Halafu mmoja wa waliosimama, kwa ishara ya siri, anyooshe mkono ghafla. Alipokuwa akitembea alisimama kabla ya mkono. Alipokuwa akikimbia ule mkono ulimpiga kifuani akaanguka chali, darasa zima tukacheka. Padri hakucheka. Akasema, "Haikuui kasi yako. Inakuua tofauti baina ya kasi yako na ya aliye kando yako."

Basi tupige hesabu, mwalimu haachi. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde. Gari dogo lina urefu wa mita nne na nusu hivi. Maana yake kila sekunde kijana anayapita magari matatu. Sasa jicho likiona mlango unafunguka, mpaka mkono ubane breki, sekunde moja imeshapita, na mara nyingi zaidi ya moja. Yaani mlango wa gari la tatu mbele yake ukifunguka hana la kufanya, ameshafika. Lakini akipita kwa kilomita 15 kwa saa, sekunde hiyo moja ni mita 4 tu, hata urefu wa gari moja haufiki. Mlango ukifunguka anasimama, wanatukanana kidogo, kila mtu anakwenda zake.

Huko California watu hawakuishia kubishana. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Berkeley walitazama waendesha pikipiki karibu 6,000 waliopata ajali, na katika hao karibu 1,000 walikuwa wakipenya katikati ya magari wakati ajali inatokea. Waliokuwa wakipenya walioumia kichwa walikuwa asilimia 9, wasiokuwa wakipenya asilimia 17. Waliogongwa kwa nyuma nao walikuwa wachache zaidi, asilimia 2.6 kwa 4.6. Ukifikiri kidogo utaona sababu yake. Pikipiki iliyosimama kwenye foleni nyuma ya lori, akija mtu na simu mkononi, huyo kijana anakuwa nyama baina ya mikate miwili. Akiwa katikati ya mistari, angalau gari hilo litampita kando.

Lakini utafiti huo huo una upande wa pili, na mwalimu mwaminifu hausitiri. Waliokuwa wakipenya waligonga wenzao kwa nyuma mara nyingi zaidi: asilimia 38 kwa 16. Watafiti wakasema hatari haikuwa kubwa pale msafara unapokwenda maili 50 kwa saa au chini yake, na mwenye pikipiki hawazidi wenzake kwa zaidi ya maili 15, yaani kilomita 24 hivi. Tofauti, ile ile ya Padri wetu! Mwaka 2016 gavana akatia saini, na tangu Januari 2017 jambo hilo lipo katika sheria ya jimbo. Uingereza nako kitabu chao cha barabarani kinamkubalia mwenye pikipiki kupita polepole katika foleni, kwa hadhari.

Najua kutakuwa na atakayesema, "Mwalimu, wewe hujavunjiwa kioo." Nimevunjiwa, na aliyenivunjia hakusimama. Nilikasirika wiki nzima. Lakini tuseme kweli, hasira nyingi tunazowakasirikia hawa vijana si za kioo. Ni za roho. Sisi tumekaa, baridi ya gari inavuma, tunachelewa, na yeye na kipikipiki chake cha bei ya matairi yetu anapita anakwenda zake. Ninaye sahibu yangu mmoja, mtu wa swala tano, akiwaona kwenye kioo anasogeza gari kushoto kidogo ili kuwabana. Ati awatie adabu. Nimemwambia uso kwa uso kwamba hiyo si adabu, hilo ni jaribio la kuua mtu. Hatujasemezana vizuri tangu hapo.

Sasa nije kwa lililonichoma.

Dada yangu aliolewa Dar es Salaam. Ana mtoto wa kiume, mpwa wangu, alimaliza kidato cha nne akakaa. Mwaka 2022 tukaitana kwenye simu, mimi, dada, na ndugu yetu mdogo aliyeko Maskati, tukasema kijana asipotee vijiweni, tumnunulie pikipiki aendeshe bodaboda. Ndugu yangu wa Maskati akatoa pesa nyingi, mimi nikatia kidogo. Nyumba ngapi za Ghuba hazijafanya hivi? Nadhani hata wewe unayesoma unayo moja Tanga, au Malindi, au Unguja. Ni sadaka, ni mtaji, na pia ni njia ya kunyamazisha simu za kuomba pesa, tusifichane.

Tukaweka mkataba kama wa watu wengine: kila siku alete hesabu ya shilingi 10,000, mpaka pesa itimie, kisha pikipiki iwe yake. Tulimnunulia pikipiki. Kofia hatukumnunulia. Leseni tukasema ataipata mbele ya safari. Mafunzo? Aliyafanya jioni mbili kwenye uwanja wa mpira, mwalimu wake rafiki yake.

Barabara yake ilikuwa ya Morogoro, Kimara mpaka mjini. Walio mbali siku nyingi niwakumbushe: tangu 2016 katikati ya barabara ile yanapita mabasi ya mwendokasi, yana njia zao wenyewe, na pembeni ndiko walikobanana wengine wote. Asubuhi pembeni hapasogei, na njia ya mwendokasi iko wazi inang'aa, basi moja limepita, la pili halijafika. Kijana mwenye hesabu ya 10,000 anaitazama njia ile kama mfungaji anavyotazama tende dakika tano kabla ya Magharibi. Akaingia. Wengi wanaingia, na magari ya wakubwa nayo yanaonekana mule, kwa hiyo kijana hajioni mwizi. Siku moja askari wakamkamata, pikipiki ikalala kituoni siku nne, na hesabu ya siku nne ikawa deni.

Kuna wanaosema hizo njia za mabasi wangepewa na pikipiki, mbona London wamepewa. Ni kweli kwamba London, katika barabara kuu zinazosimamiwa na mamlaka ya usafiri ya jiji, pikipiki ziliruhusiwa kwa majaribio mwaka 2009 na ikawa ya kudumu 2012. Lakini njia ya basi ya London iko pembeni, basi linakwenda upande ule ule wa magari mengine. Ya Dar iko katikati ya barabara, mabasi yanapishana humo humo yakija na kwenda kwa kasi, na vituo viko katikati, kwa hiyo watu wanavuka kwa miguu, bibi na mzigo wake, mtoto wa shule, macho yao na masikio yao yanangoja basi kubwa. Kijipikipiki hawakisikii. Mimi nasema mule wasiingie, wala wakubwa wasiingie.

Dawa ilipatikana Malaysia zamani, na wengi wetu tunakwenda kule kutembea bila kuiona. Tangu miaka ya 1970 katika ile barabara kuu inayotoka Kuala Lumpur kwenda Klang pikipiki zimejengewa njia yao peke yao pembeni, imetenganishwa na magari, na penye makutano inapita chini kwa chini. Wataalamu walipopima waliona ajali za pikipiki zimepungua. Si kitu cha ajabu, ni lami ya upana wa mita chache. Nchi za Ghuba zinazojenga barabara usiku na mchana kama tunywavyo kahawa haziwezi kushindwa na hili. Kuliko kumwambia kijana asipite hapa wala pale, achorewe pa kupita. Na pale pasipo na njia yake, aruhusiwe kupenya kwenye foleni iliyosimama au inayotambaa, kwa kilomita zisizozidi 15 au 20, na akizidi hapo, faini imkute bila huruma. Sheria iliyo na namba mtu anaifahamu. Sheria ya "kuwa mwangalifu" kila mtu anajipimia kwa kibaba chake.

Narudi kwa mpwa wangu. Baada ya kukamatwa akaogopa njia ya mwendokasi, sasa akaanza kupenya. Deni lilikuwa linapanda. Ndugu yangu alipiga simu kutoka Maskati kuuliza hesabu, na mimi pia nilipiga, nikamwambia, "Changamka mwanangu, hela za watu hizi." Nakumbuka neno lenyewe, changamka. Wiki ileile, karibu na Magomeni, alikuwa anapita baina ya daladala na lori. Foleni imesimama, yeye hakusimama. Konda akafungua mlango, abiria akashuka. Mpwa wangu akamkwepa yule abiria, alhamdulillahi mama wa watu hakuguswa, na yeye akaingia chini ya ubavu wa lori.

Lori lilikuwa limesimama. Lingekuwa linatembea, leo ningekuwa naandika tanzia.

Mguu umewekwa vyuma. Kichwa kilishonwa nyuzi nyingi, na kwa miezi miwili alikuwa anasahau majina, hata jina la mdogo wake. Madaktari waliokusanya tafiti za nchi nyingi mwaka 2008 walikuta kwamba kofia inapunguza kuumia kichwa kwa asilimia 69 na kufa kwa asilimia 42. Kofia nzuri ingetugharimu hesabu ya siku chache. Matibabu yalikula zaidi ya bei ya pikipiki, tukachanga tena watu watatu walewale.

Nilipokwenda kumtazama aliniomba msamaha. "Mjomba, nisamehe, nimewapotezea pesa yenu." Nilitoka nje ya wodi nikakaa kwenye benchi.

Ndiyo maana mjukuu aliposema "si apite katikati" sikuweza kunyamaza, wala sikuweza kumkaripia, maana mimi nilisema hilohilo kwa neno jingine, tena mimi mtu mzima mwenye shahada ya ualimu. Nilimweleza yule kijana wa Kakamega wakati anakunywa maji. Akaniambia kule anakotoka baba yake mdogo aliuza shamba la miwa kidogo ili yeye apate tiketi na kibali cha kuja Dubai, na kila Ijumaa anapigiwa simu. Akaangalia saa. Oda nyingine ilikuwa imeshaingia.

Kwa wenye nyumba za Ghuba nina maombi mawili, na mniwie radhi nikisema kama niko darasani. Chakula kikichelewa, usimpe kijana nyota moja. Wengi hawajui nyota ile inakwenda wapi. Inakwenda kwenye mshahara wake, na kesho yake anakimbia zaidi kuifuta. Na ukiwa na mtoto wa ndugu nyumbani unayemnunulia pikipiki, hesabu ya siku ifute. Weka ya mwezi, na mwezi wenye mvua za masika upunguze. Mtu anayedaiwa kila jua likizama hawezi kupita polepole kwenye foleni, hata umhubirie vipi. Leseni kwanza, kisha bima, kisha kofia mbili, ya kwake na ya abiria, pikipiki ije mwisho. Akina mama, nyinyi mna nguvu hapa kuliko sisi. Mkisema "haondoki mtoto bila kofia," haondoki.

Mpwa wangu anatembea na fimbo. Daktari amesema mwezi ujao anaweza kuanza kupanda tena pikipiki polepole, na anataka. Mama yake hataki hata kuiona. Mimi nimemtumia kofia mbili kwa mtu aliyekuwa anasafiri, na ada ya chuo cha udereva. Kuhusu hesabu, nimemwandikia ndugu yangu Maskati kwamba fungu langu nimelisamehe lote, na nikamwomba lake alifanye la mwezi. Ujumbe ameusoma, alama mbili za buluu nimeziona. Amejibu kwamba atalifikiria.